Kamera Kwenye Chumba cha Mapumziko



Nimeombwa nizungumzie filamu za makala, ambazo wengi wetu tunaziita dokumentari, na hasa zile zinazopigwa kwenye maeneo ya viwanda vilivyokufa au vinavyokata roho. Nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza moja. Ilikuwa ya dakika 26, kuhusu kiwanda cha nguo ambacho sitakitaja jina, na ilikuwa mbaya. Wakati ule niliiona nzuri mno. Nilikuwa na miale ya jua inayopenya kwenye mabati yaliyotoboka, nilikuwa na njiwa kwenye kenchi, nilikuwa na mashine za kufuma zilizopangana kama makaburi, na juu ya yote hayo nikaweka zeze la taratibu. Nikaichukua, nikaenda kuwaonyesha wastaafu wa kiwanda hicho kwenye ukumbi wa kanisa lililo jirani na kota zao.

Ilipofika dakika ya kumi hivi, mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele akaanza kunong'ona na mwenzake, kisha kunong'ona kukawa kuongea. "Ile yangu." "Yako ilikuwa dirishani, hii ya yule dada wa Kondoa." Walikuwa wanazitambua mashine. Mimi niliyeshinda nazo siku nne nzima niliona mashine mia na zaidi zinazofanana. Wao walikuwa wanaona watu. Taa zilipowashwa, yule mama akanyoosha mkono. "Mwanangu, picha zako nzuri. Ila sisi umetuweka wapi?" Nikamwambia, shikamoo yangu ikiwa bado mdomoni, kwamba wamo, dakika ya 19, wawili kati yao walihojiwa. "Tumehojiwa," akasema, "tukiwa tumevaa za kanisani."

Sikuwa na la kumjibu. Ninachowaletea leo ndicho ambacho ningemwambia siku ile kama ningekuwa nimekijua.

Aliyenifundisha simfahamu kwa sura. Anaitwa Wang Bing, alizaliwa mwaka 1967 katika jimbo la Shaanxi nchini China, na filamu yake inaitwa Tie Xi Qu, maana yake wilaya ya Tiexi. Jina Tiexi nalo maana yake ni magharibi ya reli. Iko Shenyang, mji mkuu wa jimbo la Liaoning, kaskazini mashariki mwa nchi, mahali ambapo wakati wa baridi kali nyuzi joto hushuka chini ya 20 hasi. Filamu ina dakika 551. Kwa lugha ya kawaida hizo ni saa tisa na ushei. Sisemi inaanza saa tisa alasiri. Nasema ukiifungua saa mbili asubuhi utaifunga saa kumi na moja jioni, na hapo hujala wala hujaenda msalani.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kutazama mlango. Subirini kidogo.

Tiexi haikuota yenyewe. Wajapani walipolitwaa eneo lile la kaskazini mashariki na kusimika dola yao ya Manchukuo mwaka 1932, walihitaji viwanda vya kulisha jeshi lao, na wakavijenga hapo, magharibi ya njia ya reli. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Wajapani wakaondoka, na Warusi walioingia wakafungasha mitambo mingi wakaenda nayo kwao. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1949 serikali mpya ikavitaifisha viwanda, na katika miaka ya 1950, kwa msaada wa Urusi hiyo hiyo, mitambo mipya ikaletwa. Palifuliwa chuma, paliyeyushwa shaba na madini ya risasi, pakasokotwa nyaya. Kwa karibu miaka 40 mtoto aliyezaliwa Tiexi alizaliwa kwenye hospitali ya kiwanda, akasoma shule ya kiwanda, akaoa au kuolewa na mtu wa kiwandani, akapewa chumba kwenye kota za kiwanda, na siku ya kufa kiwanda kikamzika. Wachina walikuwa na jina la ajira ya namna hiyo: bakuli la chuma, yaani chombo cha kulia kisichovunjika.

Likavunjika. Mitambo ilizeeka, soko likafunguliwa, viwanda vya kusini vikauza kwa bei ya chini, na mashirika ya umma yakajikuta yana madeni makubwa na maelfu ya wastaafu wa kulipa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ikaamua kuyapunguza. Nchi nzima, watu zaidi ya milioni 20 walipoteza kazi katika miaka michache. Wengi hata hawakuambiwa wamefukuzwa. Waliambiwa "wameshuka zamu", na jina likabaki kwenye daftari la kiwanda huku posho ikizidi kukonda. Nadhani ninyi mlio na wazazi waliopunguzwa kazi mnaijua lugha hiyo. Kila ofisi duniani ina msamiati wake wa kumwambia mtu aende nyumbani bila kutamka neno nenda.

Wang Bing alikuwa amesomea upigaji picha Shenyang, katika chuo cha sanaa cha Lu Xun, na enzi za uanafunzi alikuwa akienda Tiexi kupiga picha. Baadaye akasoma filamu Beijing. Mwisho wa mwaka 1999 akarudi Tiexi na kamera ndogo ya dijitali ya kukodi. Hakuwa na kikosi cha watu wa taa na sauti, wala mtu wa kumbebea nyaya. Akapiga picha hadi mwaka 2001, akaondoka na mikanda ya takriban saa 300. Toleo la kwanza, fupi zaidi, lilionyeshwa Berlin mwaka 2002. Toleo kamili Rotterdam mwaka 2003, na mwaka huo huo likatwaa tuzo kuu ya tamasha la Yamagata kule Japani. Kwao China halikuingia kwenye kumbi za sinema. Watu walilitazama kwa kupeana nakala za diski.

Sasa tuingie ndani.

Filamu inaanza kwenye kichwa cha treni. Kamera iko mbele, theluji inaanguka, na treni inatambaa polepole katikati ya viwanda. Hatuambiwi chochote zaidi ya maandishi machache ya mwanzo. Kuta zinapita, mageti yanapita, mtu mmoja amejikunyata anavuka reli, halafu kuta tena. Shoti inaenda, na inaendelea kwenda. Mara ya kwanza nilidhani mhariri amesinzia. Mara ya pili nikagundua kwamba nimeanza kutazama ukutani kama anavyotazama mtu aliye ndani ya treni ya wafanyakazi, ambaye hana jingine la kufanya mpaka afike. Mwili wangu ulikuwa umeshaingia zamu.

Sehemu ya kwanza, ambayo jina lake ni Kutu, ina muda wa karibu saa nne, na sehemu kubwa yake imo kwenye chumba cha mapumziko. Hapa ndipo ninapotaka tukae. Tanuri zipo, moshi upo, na kuna shoti za shaba iliyoyeyuka ambazo mpigapicha yeyote angejivunia. Lakini Wang Bing anarudi kila mara kwenye kile chumba: mabenchi, makabati ya chuma, birika, karata mezani, wanaume wanaotoka bafuni uchi wa mnyama wakijikausha na kubishana kuhusu mishahara ambayo haijatoka. Hakuna anayejisitiri. Hakuna anayeiangalia kamera. Ugomvi unazuka, wanashikana, wanaamuliwa, karata zinaendelea.

Jiulizeni inachukua siku ngapi mpaka mwanamume aliyetoka kuoga akupite na kamera yako kama anavyopita kabati. Hizo siku ndizo filamu yenyewe. Mimi nilikaa siku nne na wale mama wakavaa za kanisani, kwa sababu nilikuwa mgeni, na mgeni huvaliwa. Hawakukosea wao. Mtu akija na kamera, ukaambiwa utaonekana, unatoa kitenge kizuri sandukuni na maneno mazuri pia, na kwenye yale mahojiano yangu walisema maneno mazuri kweli: kiwanda kilikuwa kama familia, tulipendana, Mungu atatusaidia. Hakuna uongo humo, ila nayo ni nguo ya kanisani.

Kuna mfanyakazi mmoja katika chumba kile cha Tiexi anayeanza kusimulia maisha yake. Amekaa tu, anaongea. Anasema jinsi Mapinduzi ya Kitamaduni yalivyomkatizia shule, jinsi alivyofika kiwandani, na hana haraka wala hatumii sauti ya kuhojiwa. Katikati ya maelezo mtu anaingia na kutangaza kwamba kiwanda kitafungwa siku chache zijazo. Hivyo tu. Kamera haikukimbilia kuona sura za watu zikibadilika, na kwa kweli sura hazibadiliki sana. Kungekuwa na mtengenezaji mwingine hapo, nikiwemo mimi, angemwomba yule mjumbe atoke nje aingie tena, maana mara ya kwanza kamera ilikuwa upande mwingine. Ndiyo, watu hufanya hivyo. Nimefanya hivyo.

Baadaye kidogo tunaenda hospitali. Walioyeyusha madini ya risasi walikuwa wanavuta mvuke wake miaka yote, na sumu yake hujikusanya mwilini, basi kila baada ya muda walipelekwa kulazwa ili dawa iwapunguzie. Mnajua nilitarajia kuona nini: vitanda, kikohozi, daktari mwenye uso wa huzuni. Ninachokiona ni watu walio likizo! Wanakula, wanaimba, wanaangalia video, wanavua samaki kwenye bwawa la hospitali. Kisha mmoja wao anazama katika bwawa hilo na kufa. Mtu aliyeponea tanuri na sumu kwa miaka yote hiyo amekufa akivua samaki akiwa anatibiwa. Filamu haisemi neno. Ingekuwa imesema ningechukia, kwa sababu kifo kile hakina fundisho, na aliyekufa hakufa ili kutupa mfano wa jambo lolote.

Sehemu ya pili inahamia kwenye kota, mtaa wa Yanfen, na vijana wanaozurura wakitafuta pesa ya maua ya siku ya wapendanao. Baadaye wakazi wanatakiwa kuhama ili nyumba zibomolewe. Wengine wanakubali, wengine wanapigania ukubwa wa chumba watakachopewa. Waliobaki wanakatiwa umeme na maji katikati ya baridi ile niliyowatajia, wanakaa na mishumaa. Sina mengi ya kusema hapo. Bomoabomoa mnazijua, mmeziona, pengine zimewapitia.

Sehemu ya tatu ndiyo fupi, saa mbili na kidogo, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Viwanda vimekwisha, ila treni chache bado zinatembea kuzunguka wilaya tupu, na wafanyakazi wake wanaendelea na zamu zao. Pembeni ya reli, kwenye kibanda, anaishi mzee wa jicho moja na mwanawe kijana. Wanaokota makaa ya mawe yanayodondoka kwenye mabehewa, na kusema ukweli mengine hayakudondoka yenyewe. Siku moja mzee anakamatwa na polisi wa reli. Kijana anabaki peke yake kibandani. Anatoa mfuko wa plastiki uliohifadhi picha za familia, anazipanga, anazitazama, machozi yanamtoka. Mzee anapoachiwa wanaenda kula kwenye mgahawa mdogo, kijana analewa, analia, anapiga magoti mbele ya baba yake, anapoteza fahamu. Baba anambeba mgongoni kumrudisha nyumbani, usiku, kwenye theluji, na yule mwenye kamera anawafuata.

Hapo kila ninapofika najiuliza swali ambalo naomba wanafunzi walichukue. Kwa nini hakuweka kamera chini akamsaidia mzee kubeba? Wengine watasema kazi ya mpigapicha ni kupiga picha. Jibu hilo ni rahisi mno. Wengine watasema ni unyama. Nalo ni rahisi. Mimi ninachokiona ni kwamba mzee hakuonekana kuhitaji msaada, na alijua yule mwenye kamera ni nani. Alikuwa ameshamzoea kama mtu wa pale. Angekuwa mtu wa siku nne, ile shoti ingekuwa wizi. Tofauti kati ya wizi na ushuhuda kwenye kazi hii mara nyingi ni kalenda tu.

Msinielewe kwamba filamu hii haina dosari. Ina dosari ambazo mashabiki wake hawapendi zisemwe. Saa nne za Kutu karibu zote ni za wanaume. Viwanda vile vilikuwa na wanawake wengi, na mara nyingi wao ndio waliotangulia kupunguzwa, lakini kwa kuwa chumba cha mapumziko alichokizoea Wang Bing kilikuwa cha wanaume wanaooga, cha wanawake hatukuingia. Kuzoeleka nako kuna mipaka yake: unazoeleka pale unaporuhusiwa kukaa. Halafu kuna suala la nani anaitazama. Nina shaka kama wale wazee wa karata waliwahi kukaa saa tisa kuitazama. Yule mama wa ukumbi wa kanisa angeniuliza tena: hii umemtengenezea nani, mwanangu?

Kuna njia nyingine kabisa, na mwenye kuijua sana ni Michael Moore. Yeye ni mtoto wa Flint, mji wa Michigan, Marekani, ambako General Motors ilianzishwa mwaka 1908. Kampuni ilipofunga viwanda na kuwaacha maelfu mitaani, akatengeneza Roger & Me, iliyotoka mwaka 1989, akimwinda mwenyekiti wa kampuni, Roger Smith, ili amlete Flint akaone. Ni filamu ya hasira na kichekesho. Mama mmoja anauza sungura na kibao kinasema unaweza kumchukua wa kufuga au wa kitoweo. Mwishoni mwenyekiti anahutubia kuhusu Krismasi wakati familia inatolewa nyumbani vyombo nje. Watu walijaa kwenye kumbi kuitazama, jambo ambalo Wang Bing hakuliota.

Baadaye ikajulikana kwamba Moore alikuwa ameyapanga matukio apendavyo. Bustani ya michezo iliyojengwa Flint ili kuleta watalii, inayoonekana kwenye filamu kana kwamba ilikuja baada ya watu kufukuzwa, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1984 na kufungwa kabla ya wimbi lile kubwa la kufukuzwa kazi. Watetezi wake walisema ukweli wa jumla ni uleule. Labda. Lakini mtu aliyepoteza kazi anaijua tarehe. Muulize mstaafu yeyote wa kiwanda: hatakwambia "miaka ya tisini", atakwambia ilikuwa Ijumaa, tulikuwa tumeingia zamu ya pili, tukaambiwa tukapange mstari. Ukimchanganyia tarehe zake umemnyang'anya kitu, hata kama uko upande wake. Hata hivyo nampenda Moore kwa jambo moja: alimtafuta mwenye kufunga kiwanda. Wang Bing hatuonyeshi aliyeamua. Wakubwa wa Tiexi hawako kwenye kile chumba, na filamu inayokaa chumbani haiwezi kuwafikia.

Sisi nasi tuliwahi kuwa upande wa pili wa kamera. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa filamu kuhusu Mwanza, minofu ya sangara na ndege za mizigo, Darwin's Nightmare. Ikapata sifa Ulaya, ikateuliwa kugombea Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akailaani hadharani. Mjadala wote ukawa juu ya silaha: zilikuja na ndege hizo au hazikuja? Mimi nina maoni yangu ila siyaleti hapa. Ninachokumbuka mimi katika filamu ile ni mlinzi wa usiku wa taasisi ya uvuvi, mwenye upinde na mishale ya sumu, anayeeleza kazi yake kwa utulivu kama fundi cherehani anavyoeleza pindo. Hapo Sauper alikaa. Sehemu alizokaa ni nzuri, na sehemu alizokimbia kutafuta ushahidi ndizo zilizomletea kesi mdomoni mwa kila mtu.

Nikitaka mahali panapofanana na Tiexi kwenye Kiswahili chetu, siendi mbali zaidi ya Lubumbashi, Kongo. Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906 na baada ya kutaifishwa ikaja kuwa Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, shule ya watoto, hospitali, na posho ya unga kila mwezi. Bakuli la chuma hilo hilo, tofauti ni ugali ndani yake. Lilipopasuka, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa mwaka 2003 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakalipwa mara moja, basi. Mwanahistoria wa huko, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa ameshaandika kitabu mwaka 2001 juu ya wafanyakazi hao, bana Shaba, yaani wana wa Shaba, akiwaita walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Kwetu mtu akisema kiwanda kilikuwa baba, tunadhani ni tamathali ya usemi. Kule ilikuwa ni mkataba wa kazi.

Na Lubumbashi ndiko alikotoka Sammy Baloji. Mwaka 2006 alitengeneza mfululizo wa picha uitwao Mémoire. Alipiga picha magofu ya mitambo ya Gécamines: mabati yaliyotoboka, mifereji mikavu, dohani, vitu vile vile nilivyovipiga mimi. Kisha akachukua picha za kale za enzi za Wabelgiji, wafanyakazi waliopangwa mstari, wengine wakiwa na minyororo, akawakata akawasimamisha mbele ya magofu hayo. Wamesimama katika picha nyeusi na nyeupe katikati ya kutu yenye rangi. Nilipoziona nilimkumbuka mama wangu wa kanisani papo hapo. Baloji alifanya kwa picha kile ambacho yeye alikifanya kwa mdomo: ile yangu, hii ya yule dada wa Kondoa.

Mtaniuliza, na Dar es Salaam je? Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi mwaka 1968, kwa mkopo na mitambo kutoka China, wakati Tiexi ikiwa bado inatoa moshi mchana na usiku. Mwaka 1997 kikawa kampuni ya ubia, Wachina asilimia 51, sisi 49. Mwaka ule ule wa 1968 ndipo ilipoanzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na katika miaka hiyo viwanda vilipofunguliwa kamera zilikuwepo: utepe, mkasi, Mwalimu akitabasamu, bendi ya polisi. Filamu za kufungua nimeziona. Filamu ya siku kufuli lilipofungwa, iwe Dar, Tanga, Mwanza au Musoma, sijaiona hata moja. Kama mmoja wenu anayo sandukuni, tafadhali anitafute nikishuka hapa.

Tiexi ile ya kwenye filamu sasa haipo. Kiwanda kile cha kuyeyusha madini kilifungwa mwaka 2000, wakati Wang Bing akiwa bado anapiga picha. Mwaka 2012 BMW wakafungua kiwanda cha magari wilayani humo, na mwaka huo huo likafunguliwa jumba la makumbusho ya viwanda mahali palipokuwa karakana ya kusubu chuma. Mitambo imefagiliwa, imepakwa rangi, ina vibao vya maelezo. Wageni wanapiga picha. Chumba cha mapumziko kilicho na watu wake, wakiwa uchi na wakigombana, kimebaki kwenye filamu peke yake.

Nyumbani kwetu kota nyingi bado zimesimama, na ndani yake wamo watu. Mnaosoma filamu hapa, mkifika huko msianze na mabati. Anzeni na kigoda. Kaeni barazani wiki ya kwanza bila kamera, mcheze drafti mfungwe, msikilize ugomvi wa kiinua mgongo ambacho hakijalipwa mpaka muujue kwa tarehe. Na wasichana mnaosoma hapa, ninyi mna mlango ambao Wang Bing hakuwa nao: ingieni kwenye vyumba vya akina mama waliofuma vile vitenge. Mfanyakazi aliyeingia zamu yake ya kwanza Urafiki mwaka 1968 akiwa na miaka 20 alizaliwa mwaka 1948. Nendeni mwaka huu.